Poka ya mashine: Hesabu nyingi kichwani, mtaji mfukoni unayeyuka

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam na Kigali

DAFTARI ni la kawaida, lile la kurasa 96 ambalo wanafunzi hununuliwa mwanzo wa muhula. Kurasa za mbele zina hesabu za biashara: doti za vitenge, bei ya jumla Kariakoo, nauli ya mzigo hadi Rusumo, ushuru, bei ya kuuzia Kigali. Kila ukurasa umefungwa chini kwa mstari mwekundu na jumla.

Katikati ya daftari mambo yanabadilika. Vitenge vinatoweka, wanaingia jeki, malkia na wafalme. Kuna safu za kopa na shupaza, mishale, alama za vema, na maneno kama “imepoa”, “inakaribia”, “subiri tatu ndiyo uongeze”. Kurasa hizo ni kumi na moja. Hakuna hata mmoja wenye jumla.

Mwenye daftari ni mfanyabiashara wa Nyamirambo, Kigali, mwenye umri wa miaka 47, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akija Dar es Salaam kufuata vitenge na viatu. Wenzake humtania kwa kumwita mhasibu, kwa sababu haingii dukani bila kalamu. Ameomba jina lake lisiandikwe. Sababu yake inaeleweka: sehemu kubwa ya fedha alizopoteza hazikuwa zake.

Safari hiyo, wiki chache kabla ya Idi, alibeba dola 500 zake na dola 2,400 za wanachama sita wa kimina, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambao walimtuma awaletee mzigo wa sikukuu. Alipofika Kariakoo, muuzaji alimwambia kontena bado liko bandarini, asubiri siku tano.

“Siku tano gesti, mdogo wangu, ni nyingi,” anasema. “Unakula, unalala, unaangalia dari. Jioni ya kwanza nikatoka kunyoosha miguu.”

Miguu ilimfikisha kwenye kasino iliyo jirani, mbele ya mashine ya poka. Usiku wa nne alipoondoka, alikuwa amepoteza karibu shilingi milioni 3 za Tanzania.

Nilimuuliza: “Kaka, ulikuwa unaujua huu mchezo kabla?”

Alicheka bila furaha. “Hapo ndipo penye tatizo. Ningekuwa siujui, ningeondoka usiku wa kwanza. Mimi nilikuwa naujua.”

Mchezo ulivyo

Mashine hii haifanani sana na zile za kuzungusha matunda ambazo wengi wamezizoea. Mchezaji anaweka dau, mashine inampa karata tano kutoka katika karata 52. Anachagua zipi azishike na zipi azitupe, mara moja tu. Alizotupa zinajazwa kutoka katika zile 47 zilizobaki, kisha analipwa kulingana na jedwali lililoandikwa juu ya kioo. Katika aina iliyoenea zaidi, malipo yanaanzia kwenye jozi ya jeki: hapo unarudishiwa dau lako. Kileleni kuna mkono wa kifalme, yaani kumi, jeki, malkia, mfalme na ree za aina moja.

Mashine za namna hii zilipata umaarufu katika jimbo la Nevada, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, kupitia kampuni ya mfanyabiashara Si Redd, ambayo baadaye ilijulikana kama IGT. Kilichowavutia watu ni kwamba mchezaji ana uamuzi wa kufanya. Anashika, anatupa, na anajiona kama mtu aliye kazini.

Uamuzi huo ni wa kweli, tofauti na mashine ya matunda, ambako kubonyeza kwa kidole gumba au cha shahada ni sawasawa. Kila karata tano unazopewa zina njia 32 za kushika na kutupa, na katika hizo ipo moja yenye wastani mzuri kuliko nyingine. Wanahisabati walishazipiga hesabu zote kwa kompyuta miaka mingi iliyopita, na majibu yake yanaenea kwenye kikaratasi kimoja chenye orodha ya nini ushike kabla ya nini.

Mhasibu wetu alikuwa nacho kikaratasi hicho. Jirani yake wa gesti alimchapishia. Usiku wa kwanza alikifuata mstari kwa mstari, kwa dau la shilingi 1,000, na kwa saa tatu alipoteza shilingi 65,000. Kwa mchezo huu, hiyo ni hasara ya kawaida kabisa. Tatizo lilianza alipojiona anaweza kukiboresha.

Jozi ya jeki na kopa nne

Ukurasa wa tatu wa zile kumi na moja una mfano alioniomba niutazame, kwa sababu bado unamuuma.

Alipewa jeki wa kopa, jeki wa pau, na kopa tatu nyingine: tatu, saba na tisa. Kikaratasi kilisema ashike jozi ya jeki. Yeye aliona kopa nne. Katika migawo mitano iliyotangulia kopa zilikuwa zimetoka kwa wingi. Akaandika “kopa zinatembea”, akamtupa jeki wa pau, akasubiri kopa ya tano. Ikaja nne ya uru.

Tupige hesabu hiyo kama tunavyopiga hesabu ya mzigo. Karata zilizobaki ni 47. Kopa zilizobaki ni tisa. Mashine aliyokuwa akiicheza hulipa mara tano ya dau kwa karata tano za aina moja, kwa hiyo tisa mara tano ni 45. Jeki wawili waliobaki wangemrudishia dau, hivyo tunaongeza mbili. Jumla 47, gawanya kwa 47, unapata moja kamili. Maana yake ni kwamba kwa kila shilingi 1,000 aliyoweka, uamuzi huo ungemrudishia wastani wa shilingi 1,000. Mara 36 kati ya 47 asingepata kitu.

Angeshika jozi ya jeki, dau lake tayari lilikuwa salama. Ukiongeza nafasi za kupata jozi mbili, jeki watatu na kuendelea juu, wastani wake ni karibu shilingi 1,530. Kwa kufikiri zaidi, alilipa shilingi 530.

Daftari lina makosa mengine ya ukoo huohuo. Mara kadhaa alishika jozi pamoja na ree “kwa usalama”. Ree hiyo haimlindi mtu yeyote. Ukitupa karata tatu badala ya mbili, nafasi yako ya kupata tatu za kufanana ni kama 11 katika 100, lakini ukiing’ang’ania ree inashuka hadi karibu nane.

Mara nyingine, alipoona mashine “imepoa”, alipunguza dau kutoka sarafu tano hadi moja. Kwa kawaida jedwali hulipa mkono wa kifalme sarafu 250 kwa kila sarafu uliyoweka, lakini ukiweka tano zote hulipa 4,000 badala ya 1,250. Anayecheza sarafu moja moja ameikata zawadi kubwa kabla haijafika, na bado anadhani amekuwa mwangalifu.

Mashine haikumbuki

Neno “imepoa” ndilo ghali kuliko yote katika daftari lile. Linadhani mashine ina kumbukumbu, kwamba inajua imekunyima mara kumi na sasa inaona haya.

Kila mgawo unaanza na karata 52 upya. Kanuni za Nevada zinataka mashine inayoonyesha karata itoe karata kwa nasibu ileile ya karata za mkononi. Pale zinapofuatwa kanuni za namna hiyo, kopa tano zilizopita hazina neno lolote la kusema kuhusu kopa ijayo.

Kosa hili halikuanza Kariakoo. Agosti 18, 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyorudi, ndivyo watu walivyorundika fedha kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Waliondoka mikono mitupu. Gurudumu halikuwa na deni na mtu.

Mfanyabiashara wa mpakani anaweza kujiuliza kwa nini mtu makini kama yule aingie katika mtego huo. Jibu, nadhani, liko katika umakini wenyewe. Katika biashara, kuona mwenendo ndiyo ajira yetu. Unaona mvua zimechelewa Kagera, unajua maharage yatapanda Kigali. Unaona foleni ya malori, unajua sukari itaadimika wiki ijayo. Macho yaliyozoea kusoma dalili hayakubali kwa urahisi kwamba yapo mahali ambapo dalili hazipo.

Na kufikiri sana kuna hasara yake hata pasipo kamari. Mwaka 1991 wanasaikolojia wa Marekani, Timothy Wilson na Jonathan Schooler, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi walioonjeshwa jamu za matunda. Waliotakiwa kuchambua sababu za kupenda au kutopenda kila jamu walitoa hukumu zilizokuwa mbali na za wataalamu kuliko wale walioonja tu na kusema. Sababu walizojitungia ziliwapoteza.

Anayenunua vitenge anaelewa jambo hilo. Mkono uliozoea hugusa kitambaa mara moja ukajua. Ukianza kujieleza sana kwa nini ununue kile chenye rangi mbaya, huenda umeshajiuzia mwenyewe.

Jedwali kwanza, karata baadaye

Nilikwenda kuiona mashine yenyewe, jioni moja, bila daftari. Nilisimama nyuma ya mchezaji mmoja na kusoma jedwali juu ya kioo, jambo ambalo, kwa maelezo yake, mhasibu hakulifanya kwa usiku wote wanne. Tatu za kufanana pamoja na jozi zinalipa nane. Karata tano za aina moja zinalipa tano.

Namba hizo mbili zinasema zaidi ya daftari zima. Jedwali bora la mchezo huu hulipa tisa na sita katika nafasi hizo mbili, na mtu asiyekosea hata mara moja hurudishiwa wastani wa asilimia 99.54 ya madau yake. Likiwa nane na tano, anarudishiwa asilimia 97.30. Likiwa sita na tano, asilimia 95. Karata ni zilezile, rangi zilezile, muziki uleule. Kilichobadilika ni tarakimu mbili ndogo.

Ujanja huo ni wa zamani kuliko umeme wa kasino. Mwaka 1891 kampuni ya Sittman na Pitt ya Brooklyn, New York, ilitengeneza mashine ya poka yenye magurudumu matano ya karata kumi kila moja. Jumla yake ni karata 50. Mbili ziliachwa nje, mara nyingi kumi wa shupaza na jeki wa kopa, na hapo nafasi ya kupata mkono wa kifalme ikapungua kwa nusu. Mchezaji aliyekuwa akikuna kichwa juu ya mbinu alikuwa ameshapoteza kabla ya kuvuta mpini.

Tuweke fedha. Mchezaji mzoefu hucheza kama migawo 500 kwa saa. Kwa dau la shilingi 1,000 na saa sita kwa usiku, amepitisha shilingi milioni 3 kwenye mashine, hata kama mfukoni alikuja na laki tatu, kwa sababu anachokishinda anakirudisha. Kwenye jedwali la nane na tano, wastani wa hasara kwa asiyekosea ni shilingi 81,000. Lakini karibu mbili kati ya zile asilimia 97.30 zinatokana na mkono wa kifalme, ambao huja takriban mara moja katika migawo 40,000. Kwa mwendo ule ni saa 80 za kukaa kwenye kiti. Usiku ambao hauji, na ndio usiku wa karibu kila mtu, hasara ya wastani inafika karibu shilingi 140,000.

Hiyo ni kwa asiyekosea. Ongeza kopa “zinazotembea” na ree za “usalama”, kisha ongeza dau. Usiku wa pili mhasibu alipoteza 240,000. Usiku wa tatu alipandisha dau hadi shilingi 5,000 ili “arudishe haraka”, akapoteza 890,000. Fedha zake ziliishia hapo. Usiku wa nne, 1,760,000, alicheza fedha za kimina.

Kwa haki, kuna faida moja ya kufikiri sana: unacheza polepole. Mtu anayekaa dakika nzima kwa kila mgawo anapoteza fedha zake kwa mwendo wa baiskeli badala ya basi. Lakini kituo ni kilekile.

“Mzigo ukikwama una karatasi”

Aliporudi Kigali na nusu ya mzigo, aliwaambia wanachama kwamba vitenge vingine vimezuiwa na forodha Rusumo. Ni maelezo yanayoaminika. Nani kati yetu hajawahi kukwama mpakani?

Mmoja wa wanachama, mama anayeuza nguo Kimironko, hakubishana naye. Alipanda basi la asubuhi hadi Rusumo, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa katika kituo kimoja, akauliza dirishani.

“Mzigo ukikwama una karatasi,” aliniambia nilipomtembelea kibandani kwake. “Nilimwomba karatasi akasema ipo kwa wakala. Nikaenda mwenyewe. Hakukuwa na mzigo, hakukuwa na wakala. Nilikaa pale kwenye ngazi nikalia, maana nilikuwa nimeshapokea oda za watu wa Idi.”

Alirudisha malipo ya awali ya wateja kumi na wawili. Watatu hawajanunua tena kwake. Wanachama wawili walitaka suala lipelekwe polisi. Kikundi kiliketi kwa jioni mbili na kuamua alipe kidogo kidogo kila mwezi. Kanuni ikabadilishwa: hakuna tena mtu mmoja kubeba fedha taslimu za wenzake. Fedha zinatumwa moja kwa moja kwa muuzaji baada ya mzigo kuthibitishwa, na msafiri hubeba posho yake tu.

“Mimi simchukii,” anasema mama huyo. “Ila alipokuja kutuomba msamaha alianza kutueleza karata. Jeki, sijui kopa. Nikamwambia, baba, usitufundishe mchezo. Tuambie ni shilingi ngapi.”

La kubeba safarini

Michezo ya kubahatisha ina leseni katika sehemu kubwa ya ukanda huu, na kila nchi ina sheria yake. Tanzania inaruhusu kuanzia miaka 18, Uganda kuanzia 25. Gazeti hili halina kazi ya kumchagulia mtu mzima burudani yake. Lakini msafiri wa biashara ana udhaifu wa kipekee: yuko mbali na nyumbani, ana muda wa kusubiri, na fedha iliyo mfukoni ni kubwa kuliko ile anayoweza kuipoteza.

Kwa hiyo uamuzi wa maana hauko kwenye karata. Unafanyika mapema zaidi, pale mtu anapojiuliza fedha hii ni ya nani, jedwali linasema nini, na nikifika kiasi gani nainuka. Mwenye kiasi chake cha burudani, ametenga na mtaji, akafuata kikaratasi bila kukiongezea chumvi, atalipia jioni yake kama anayelipia tiketi ya mpira. Asiye na majibu hayo matatu, mbinu zote 32 za kila mgawo hazitamsaidia.

Mhasibu sasa anakuja Dar es Salaam na posho ya siku mbili, na kontena likichelewa anarudi. Deni limebaki robo.

Nilimuuliza alijua lini kiasi alichopoteza. Alisema ni alfajiri, katika kituo cha mabasi cha Mbezi, akisubiri basi la Kigali. Alitoa daftari ili aandike nauli, likafunguka katikati. Alihesabu kurasa zile kumi na moja kwa mara ya kwanza, akatafuta kalamu nyekundu, hakuwa nayo. Akachora mstari kwa ya bluu.

“Hesabu ya dakika mbili,” anasema. “Siku nne nzima nilikuwa nafikiria kila kitu isipokuwa hiyo.”